Shirika la nchi tatu, kiota cha nchi moja

Ukipanda ndege Nairobi leo, chombo kikianza kujivuta kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia, tupa macho ng'ambo ya pili. Kuna majengo ya zamani na mnara wake, yamekaa kimya kama nyumba ya urithi ambayo ndugu hawajaelewana kuigawa. Hiyo ndiyo Embakasi ya kwanza, iliyofunguliwa Mei 1958. Siku hizi iko mikononi mwa jeshi la anga, abiria hakanyagi. Palikuwa nyumbani kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, marehemu wa 1977.

Kila shirika hilo linapotajwa, hadithi huwa ni ileile. Idi Amin alipindua serikali ya Uganda Januari 1971, Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, Kenya ikashika ubepari, Tanzania ikashika ujamaa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya nchi hizo tatu ikavunjika na ndege zikaenda nayo. Siikatai hadithi hiyo, ila naiona nusu. Reli unaweza kuikata mpakani, kila nchi ikabaki na mataruma yake. Bandari ya Dar es Salaam haiwezi kuhamia Mombasa hata mkigombana vipi. Posta kila mji ulikuwa na yake. Shirika la ndege halikatiki namna hiyo, na sababu ya kutokatika ni swali ambalo wachambuzi wetu huliruka kwa kuwa linaonekana la kitoto: usiku ndege zilikuwa zinalala wapi?

Zililala Nairobi. Na ndege hairudi nyumbani kulala tu. Hurudi kukaguliwa, kubadilishwa tairi, kufunguliwa injini. Ghala la vipuri liko hapo. Kumbukumbu za matengenezo, ambazo bila hizo ndege ni bati tupu lisiloruhusiwa kuruka, ziko hapo. Mafundi wamepanga nyumba karibu na hapo, watoto wao wanasoma shule za hapo, mhasibu mkuu ana ofisi mjini hapo. Katika biashara hii, mwenye karakana ndiye mwenye shirika, hata kama hati za umiliki zina majina matatu.

Majina hayo mwanzoni yalikuwa manne. Shirika lilianza kuruka Januari 1, 1946, kwa msaada wa shirika la Uingereza la BOAC, likiwa na ndege sita za Dragon Rapide: mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na chini, abiria wachache waliobanana kama wamo kwenye teksi. Kenya iliweka asilimia 67.7 ya mtaji, Uganda 22.6, Tanganyika 9, na Zanzibar 0.7. Anayesema usawa uliharibiwa baadaye na wanasiasa wa uhuru aziangalie tena namba hizo. Kabla yake, Nairobi ilikuwa tayari na mazoea ya biashara ya ndege: Wilson Airways ya Florence Kerr Wilson ilianzishwa huko 1929 na ikafa Vita Kuu ya Pili ilipofika, na uwanja uliobeba jina lake bado una shughuli hadi leo.

Lakini mwaka 1946 Nairobi haikuwa bado kiota kisicho na mpinzani. Ndege zilitumia Eastleigh, uwanja uliokuwa pia wa jeshi la anga la Uingereza. (Leo ukitaja Eastleigh mtu anafikiria maduka ya nguo na misongamano.) Mwaka 1952 unaonyesha vizuri jinsi mambo yalivyokuwa bado wazi. Februari 6, Princess Elizabeth akiwa Kenya, baba yake alifariki. Malkia mpya alipandishwa ndege ndogo ya Dakota ya East African Airways Nanyuki, ikamvusha Ziwa Victoria hadi Entebbe, na huko ndiko alikopanda ndege kubwa ya BOAC ya kumrudisha London. Miezi mitatu baadaye, Mei 2, BOAC ilizindua safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti, Comet, kutoka London kwenda Johannesburg. Ilipita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe, Livingstone. Nairobi haikuwamo. Safari ya kwanza ya abiria kwa jeti katika eneo letu ilitua Uganda.

Kwa hiyo tusiseme kwamba Nairobi ilipewa na Mungu. Ilijengewa. Katikati ya miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwatumia wafungwa na mahabusu wa Mau Mau kuchimba na kusawazisha uwanda wa Embakasi. Watu waliotiwa ndani kwa kudai ardhi walilazimishwa kuilaza ardhi hiyo ipitiwe na ndege za watawala wao. Sijui kama kuna uwanja mwingine wa kimataifa Afrika Mashariki wenye msingi wa aina hiyo, na ninashangaa kwamba abiria anaweza kupita humo mara mia asikutane na mtu wa kumweleza.

Uwanja mpya ulipofunguliwa, mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1960 shirika lilipokea Comet 4 mbili, ya tatu ikafuata 1962. Fokker Friendship zilikuja kwa njia za kati, Twin Otter baadaye kwa viwanja vidogo. Na kuanzia 1966 zikaja Super VC10, tano kwa jumla hadi 1970. Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana VC10 na Embakasi ni kama kufuli na ufunguo.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mchana kuna joto. Hewa ya mahali pa namna hiyo ni nyepesi: bawa halipati cha kushikilia, injini haipati cha kuvuta. Ndege iliyojaa mafuta ya kufika Ulaya inahitaji njia ndefu mno, au ipunguze abiria, au ipunguze mafuta na kutua njiani. Waingereza waliisanifu VC10 kwa viwanja vya shida hiyo hasa, Nairobi, Kano, Johannesburg. Injini nne za Rolls-Royce Conway ziliwekwa nyuma kabisa ubavuni, mabawa yakaachwa safi yafanye kazi yake tu. Ilipaa mapema, kwa kelele ambayo waliokuwa watoto karibu na Embakasi wanasema iliamsha mtaa. Za East African Airways ziliongezewa kitu ambacho za BOAC hazikuwa nacho: mlango mkubwa wa mizigo ubavuni, upande wa mbele. Uroho wake wa mafuta ulikuwa mkubwa kuliko wa Boeing 707, jambo lililovumilika hadi bei ya mafuta ilipopanda 1973.

Tazama sasa herufi za mkiani. 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ, 5H-MOG. Atakayezijua herufi za usajili ataona: 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya. Mbili za Uganda, mbili za Tanzania, moja ya Kenya. Kwa karatasi, Kenya ndiyo iliyopunjwa! Na mwenyekiti wa bodi kwa miaka kadhaa alikuwa Mtanzania, Chifu Abdallah Said Fundikira. Usawa ulipakwa rangi kwenye mikia na ukakalishwa kwenye kiti cha mwenyekiti. Jioni zote tano zilirudi Embakasi.

Mkataba wa Jumuiya wa 1967 ulijaribu kurekebisha. Uliotiwa saini Kampala, ulihamisha vitu kutoka Nairobi kwa makusudi: makao makuu ya Jumuiya yakaenda Arusha, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala pamoja na Benki ya Maendeleo. Reli na ndege zikabaki Nairobi. Kwa reli haikuwa na uzito sana. Kwa ndege ilikuwa ndiyo kila kitu, kwa sababu mwaka mmoja kabla, 1966, nchi zilikuwa zimeachana na shilingi ya pamoja. Tiketi iliyokatwa Mwanza ililipiwa kwa shilingi ya Tanzania, ya Kampala kwa shilingi ya Uganda. Mafuta, vipuri na madeni ya ndege za Uingereza vililipwa kwa fedha za kigeni kupitia makao makuu. Kwa hiyo kila mwezi Dar es Salaam na Kampala zilitakiwa kukusanya mauzo yao na kuyavusha mpaka, wakati benki kuu zao zinahesabu kila senti ya kigeni.

Waziri wa fedha wa Tanzania, akiwa na akili timamu, angeliona jambo hilo vipi? Mtalii anatoka Frankfurt, anashuka Embakasi, analala hoteli ya Nairobi, anapanda gari la kampuni ya Nairobi, anavuka kuangalia Serengeti na Ngorongoro, anarudi kulala Nairobi. Tanzania inabaki na kiingilio cha hifadhi. Halafu inaambiwa itume na mauzo ya tiketi hukohuko. Ndiyo maana 1971 tulifungua uwanja wa Kilimanjaro kati ya Moshi na Arusha, wenye njia ya kupokea ndege kubwa za Ulaya moja kwa moja. Watu huuzungumzia uwanja ule kama mradi wa utalii. Ulikuwa pia hoja katika mabishano ya ndugu.

Wakenya nao walikuwa na yao. Tanzania ni kubwa, ina viwanja vingi vya mbali vyenye abiria wachache, na njia za namna hiyo hazilipi. Nairobi ilijiona ndiyo inayobeba hasara za wenzake huku wenzake wanachelewesha fedha. Kila upande ulikuwa na hesabu sahihi ya nusu ya daftari.

Katikati ya mivutano hiyo, Aprili 18, 1972, 5X-UVA iliyokuwa njiani kwenda London ilijiandaa kuondoka Addis Ababa. Ikiwa kwenye mwendo wa kupaa, gurudumu la mbele likagonga kipande cha chuma cha kuwekea jeki kilichoachwa njiani na ndege nyingine. Tairi likapasuka. Marubani wakaamua kusimama, wakakanyaga breki, breki hazikushika inavyotakiwa. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikaporomoka kwenye bonde na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imerudishiwa vibaya katika matengenezo. Haikuwa ajali ya kwanza ya shirika, maana 1955 Dakota yake iligonga kilele cha Mawenzi, Kilimanjaro, na kuua wote 20. Lakini hii iliondoa moja kati ya ndege tano za masafa marefu, tena ya kwanza kununuliwa, katika kampuni ambayo wanahisa wake walishaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Walikuwa wamejaribu hata New York, Desemba 1970. Safari hizo hazikumaliza 1971.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia: madeni, fedha zisizovushwa, mikutano isiyoitishwa. Julai 1976 ndege za Israeli zilizotoka kuwachukua mateka Entebbe zilitua Embakasi kuongeza mafuta. Fikiria hilo kidogo. Uganda ilikuwa bado mmiliki mwenza wa shirika lililokuwa na maskani katika uwanja huohuo.

Mwisho ulifika Januari 1977. Na hapa ndipo kiota kilipojieleza chenyewe. Kenya Airways iliundwa Januari 22 na Februari 4 ikawa angani, kwa Boeing 707 mbili za kukodi kutoka British Midland. Wiki mbili! Haiwezekani kuanzisha shirika la ndege kwa wiki mbili, labda kama hulianzishi. Karakana zilikuwapo, mafundi, marubani, kaunta za tiketi, uwanja, hata abiria waliokuwa wanasubiri. Kilichokosekana ni ndege, na ndege hukodishwa. Tanzania ilisajili Air Tanzania Machi 11, ikiwa na mabaki machache ya ndege na kazi ya kutafuta kila kitu kingine. Uganda Airlines, iliyoundwa 1976, ilikuwa chini ya Amin, na hiyo inatosha kusemwa. Februari hiyohiyo Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, ikazuia magari ya utalii na ndege ndogo za Wakenya zilizokuwa upande wetu. Mpaka ulikaa umefungwa hadi 1983.

Ugawaji wa mali ulichukua miaka saba, ukisimamiwa na msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht. Makubaliano ya 1984 yaliipa Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na kila nchi ikaachiwa kuwalipa wastaafu wake. Kwa Dar es Salaam maana yake ilikuwa wazee waliozeeka mara ya pili wakidai mafao ya iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miaka ya 2000 walikuwa bado wanajaa barabarani na mahakamani na mafaili yao ya bahasha za kaki.

Embakasi yenyewe haikutetereka. Upande wa pili wa njia ya kurukia, jengo jipya la abiria lililoanza kupangwa shirika la pamoja likiwa hai lilifunguliwa na Mzee Kenyatta Machi 14, 1978, mwaka mmoja baada ya mazishi. Agosti Mzee akafariki, uwanja ukapewa jina lake. Lilipangwa kwa makadirio ya eneo zima, likarithiwa na nchi moja.

Kuna watakaosema mashirika ya pamoja hayawezekani popote, na watataja Air Afrique, iliyoanzishwa 1961, makao yake Abidjan, ikafilisika 2002. Mimi napenda zaidi kuitazama SAS ya Denmark, Norway na Sweden, kwa sababu ilizaliwa 1946, rika moja na letu. Makao makuu yalikuwa Stockholm, kituo kikuu Copenhagen, na Sweden ikiwa na sehemu tatu kati ya saba, wenzake mbilimbili. Mwenye ofisi hakuwa mwenye karakana kuu, na nadhani hilo lilisaidia. Lakini nayo iangalie mwisho wake: Norway iliuza hisa 2018, Sweden ikatoka katika ukarabati wa kifedha uliokamilika 2024. Serikali iliyobaki kwenye hisa ni Denmark, yenye uwanja wa Kastrup wa Copenhagen. Gulf Air ilikuwa ya Bahrain, Qatar, Abu Dhabi na Oman. Mmoja mmoja waliondoka kati ya 2002 na 2007. Aliyebaki ni Bahrain, ambako ndege zilikuwa zinalala.

Kila mkutano wa Jumuiya ya sasa ukikaribia, huzuka mtu wa kupendekeza shirika moja tena. Sababu anazo: Kenya Airways ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 38 za Kenya mwaka 2022, Uganda Airlines ya zamani ilifilisiwa 2001 na mpya ikaanza kuruka 2019, na yetu ya Dar es Salaam, ATCL, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali (CAG) huiandika kwenye ripoti zake mara kwa mara. Unganisheni hasara zenu, anasema. Halafu husikii akitaja uwanja. Wakati huohuo tumejenga jengo la tatu la abiria Dar es Salaam, Uganda inapanua Entebbe, na Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways kwa kuwa Kenya ilikataa ndege ya mizigo ya ATCL ichukue shehena Nairobi kuipeleka nchi ya tatu. Yalimalizwa kwa siku chache, mawaziri wakatabasamu. Ila ugomvi ni uleule wa 1971, nani atapakia uwanjani kwa nani. Na Wakenya wenyewe walionyesha Septemba 2024 wanachothamini, wafanyakazi wa uwanja walipogoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja wa Jomo Kenyatta, yaani Embakasi hiyohiyo, kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Novemba mpango ukafutwa. Shirika lao limeuzwa vipande tangu 1996 bila kelele za namna hiyo.

Zile Super VC10 nne zilizobaki zilirudishwa Uingereza mwaka 1977, zikachukuliwa na jeshi la anga la huko. Zilifungwa matangi na mabomba, zikawa za kujaza ndege nyingine mafuta angani, zikilala Brize Norton karibu na Oxford. Zilifanya kazi hiyo hadi 2013. Septemba 24 mwaka huo 5H-MOG, VC10 ya mwisho kutengenezwa duniani, ilitua Dunsfold, ambako imehifadhiwa. Kesho yake 5H-MMT, ndege ya Tanzania kwa herufi zake za kwanza, iliruka safari ya mwisho ya VC10 yoyote ile, ikatua Bruntingthorpe na kuzimwa. Ubavuni, upande wa mbele, mlango wa mizigo wa East African Airways ulikuwa bado upo.